Kuchagua Njia ya Usafiri Barani Ulaya: Mwongozo kwa Msafiri wa Shanta

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya, safari ya Ulaya si ndoto ya Alinacha. Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vya Leipzig, Wien, Napoli na London, na kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, limekuwa likiwakutanisha wataalamu wa lugha hii tangu miaka ya 1980. Aghalabu mwanafunzi aliyefadhiliwa kuhudhuria kongamano au kusoma muhula mmoja hubakiwa na siku kumi hivi kabla ya kurejea nyumbani, akiwa na shanta mgongoni na yuro chache mfukoni. Je, azunguke kwa garimoshi, kwa basi au kwa ndege? Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kulijibu swali hilo. Hoja kuu ni kwamba nauli iliyoandikwa kwenye tiketi ni sehemu tu ya gharama ya safari, na kwamba kwa mwenye pasipoti ya Kenya hesabu huanzia kwenye viza.

Viza kabla ya tiketi

Mkataba uliotiwa saini mwaka 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, ndio uliozaa eneo ambamo mtu huvuka mipaka bila ukaguzi wa kawaida. Kufikia Januari 2025 eneo hilo lilikuwa na nchi 29. Viza ya muda mfupi huruhusu siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180, lakini viza nyingi hutolewa kwa siku chache zaidi. Maombi hupelekwa kwa nchi ambamo msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Kwa hivyo njia ya safari haina budi kujulikana kabla ya ombi kuandikwa.

La kuzingatiwa zaidi ni idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye kibandiko cha viza. Mwenye ruhusa ya kuingia mara moja akivuka hadi Serbia au Bosnia, ambazo hazimo katika eneo la Schengen, hawezi kurudi kwa viza ile ile. Vivyo hivyo, treni ipitayo chini ya bahari hutoka Paris hadi London kwa muda wa saa mbili na robo hivi, lakini Uingereza ina viza yake. Vitabu vingi vya mwongozo havitilii mkazo jambo hili kwa kuwa viliandikiwa Wazungu na Wamarekani. Aidha, pasipoti isiachwe hotelini hata ndani ya Schengen, maana nchi zaweza kurejesha ukaguzi. Ujerumani ilifanya hivyo kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu mnamo Septemba 2024.

Garimoshi

Msafiri wa reli ana njia mbili: kununua pasi moja au kununua tiketi moja moja. Pasi ya Eurail ilianzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya watu wasioishi Ulaya, na ya Interrail mwaka 1972 kwa wanaoishi huko. Kigezo ni makazi wala si uraia. Mkenya aliyetoka Nairobi kwa ajili ya kongamano hununua Eurail. Mkenya anayesoma na kuishi Leipzig hununua Interrail. Pasi hizi hutumika katika nchi 33, na vijana wasiozidi umri wa miaka 27 hupunguziwa bei. Ikumbukwe kwamba pasi humruhusu mtu kuingia behewani tu. Mpakani bado ataulizwa viza.

Pasi huwafaa zaidi wasafiri wanaopenda kubadilisha mipango njiani, hasa katika nchi kama Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako treni nyingi hazilazimishi kuweka nafasi. Huko Ufaransa, Uhispania na Italia, treni za kasi humdai mwenye pasi alipie kiti kwa nyongeza, na nyongeza zikirudiwa mara nne au tano, faida ya pasi huyeyuka.

Tiketi moja moja zina kanuni nyingine. Nchini Kenya nauli ya matatu hupanda mvua inaponyesha na sikukuu zinapokaribia. Ulaya, nauli ya treni za masafa marefu hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Anayenunua majuma kadhaa mapema hulipa kidogo, lakini aghalabu tiketi hiyo humfunga kwenye treni moja tu. Akiikosa kwa uzembe wake, hununua nyingine.

Ujerumani pia ina tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49 na kupanda hadi yuro 63 Januari 2026. Hutumika katika treni za mikoani, tramu na mabasi ya mijini kote nchini, ila si katika treni za kasi. Hujisasisha yenyewe, asiyeikatiza kufikia tarehe 10 hudaiwa malipo ya mwezi unaofuata.

Basi na ndege

Ujerumani ilifungua soko la mabasi ya masafa marefu mwaka 2013, na Ufaransa ikafuata mwaka 2015. Tangu hapo basi limekuwa kimbilio la wenye mifuko mepesi. Basi la usiku huokoa gharama ya kulala hostelini, lakini msafiri hufika alfajiri akiwa amechoka, pengine katika kituo kilicho mbali na katikati ya mji. Usiku mmoja wa namna hiyo huvumilika. Mitatu mfululizo huharibu safari.

Kuhusu ndege, ushindani uliofunguliwa katika miaka ya 1990 ulishusha nauli mno. Hata hivyo, mizigo hulipiwa, na shanta huweza kupimwa urefu na upana. Uwanja wa Frankfurt-Hahn uko kilomita 120 hivi kutoka mjini Frankfurt, na ule wa Beauvais kilomita 80 na zaidi kutoka Paris. Nauli ya kufika mjini ikijumlishwa na muda wa ukaguzi, tiketi ya yuro ishirini hubadilika sura. Ndege hustahili pale umbali ulipo mkubwa, kwa mfano kutoka Berlin hadi Lisbon.

Mfano wa njia moja

Chukua msafiri atokaye Bayreuth kwenda Napoli kupitia Leipzig, Praha, Wien na Roma. Safari ya Bayreuth hadi Leipzig kupitia Hof, kisha Dresden, hukamilika kwa treni za mikoani, na Deutschlandticket hutosha. Kutoka Dresden hadi Praha treni hufuata bonde la mto Elbe kwa saa mbili na nusu hivi; basi huchukua muda unaokaribiana na huo na mara nyingi huwa rahisi zaidi. Praha hadi Wien ni saa nne kwa treni, na hapo tiketi ya mapema hufaa. Kutoka Wien hadi Roma ipo treni ya usiku yenye vitanda. Nauli yake hushinda ya basi, lakini ndani yake mna malazi. Roma hadi Napoli, treni ya kasi huchukua saa moja na dakika kumi hivi. Ile ya mikoani hukawia, lakini nauli yake haipandi siku ya safari inapokaribia. Tiketi yake ya karatasi sharti igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo msafiri hutozwa faini. Katika njia hii pasi si lazima.

Saa na majina

Mbao za stesheni huandika majina ya wenyeji: München, Wien, Praha, Firenze. Saa nazo huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Treni ya 19:40 ni ya saa moja na dakika arobaini jioni, na ya 00:20 tarehe 6 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 6. Anayefika stesheni usiku unaofuata atakuwa amechelewa siku nzima.

Hitimisho

Imebainika kwamba hakuna chombo kimoja kilicho bora kwa kila safari. Msafiri na aandike nauli, mizigo, malazi, usafiri wa kufika mjini na saa atakazopoteza, kisha ajumlishe. Kabla ya yote, na asome viza yake neno kwa neno. Kosa la nauli hurekebishwa kwa kushinda njaa siku moja. Kosa la mpakani huweza kumfungia mlango wa safari zijazo.