Betri Tatu kwa Mwaka Mmoja na Nusu

Mwezi uliopita nilikuwa Kakamega kumzuru shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Ni mtu wa Mumias, mji ulioupokea Uislamu kupitia misafara ya watu wetu wa pwani zama za Nabongo Mumia, kwa hivyo udugu wetu haukuanza na harusi.

Kazi yake ni kutunza uwanja wa shule moja nje kidogo ya mji. Huku kwetu nyasi zikiota baada ya mvua za Mei, tunamwita kijana na fyekeo na jioni kazi imekwisha. Kakamega mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Wakata nyasi wiki hii, wiki ya pili zimekufika kwenye vifundo. Ndipo shule ikanunua trekta ndogo ya kukatia nyasi, ile unayoikalia na kuiendesha kama gari. Mtumba, lakini nzima.

Balaa ni betri. Kwa mwaka mmoja na nusu zilikufa tatu. Ya tatu ilipokufa, mzee mmoja wa kamati alisema mbele ya watu kwamba huenda betri hazifi, zinauzwa. Shemeji mwenyewe hakuniambia. Dada ndiye aliyenieleza, tena kwa sauti ya chini.

Nina diploma ya umeme niliyosomea Mombasa. Miaka imepita, lakini mita ya volti sijaisahau. Asubuhi tukaenda nayo uwanjani.

Injini ikiwa imezimwa, mita ilisoma volti 11.9. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebakia kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 hiyo imekwisha. Tukaiwasha trekta kwa msaada wa betri ya gari, kisha nikapima tena injini ikinguruma: 11.9 ile ile. Hapo nikajua mgonjwa si betri.

Injini ikienda kasi, mita yapasa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ndani ya injini mna sumaku na koili zinazozalisha umeme, na kijisanduku kidogo huurekebisha kabla haujafika kwenye betri. Waya wa kijisanduku hicho ulikuwa umeliwa na unyevu, umekatika ndani ya ganda lake. Kwa macho ulionekana mzima. Betri zote tatu zilikuwa zikitumika bila kulishwa. Zikiisha, shemeji alizipeleka mjini kuchajiwa, zinarudi, zinaisha tena. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, sulfeti huganda juu ya sahani zake, na ikishakuwa ngumu haitoki.

Kwa hivyo ndugu msomaji, kabla ya kununua betri mpya, pima mashine. Ukishapima, chagua hivi.

Angalia kwanza ukubwa wa kisanduku na upande wa kichwa cha chanya. Trekta nyingi za nyasi hutumia betri ndogo ya urefu wa kama sentimita 20, lakini kuna za chanya kulia na za chanya kushoto. Ukikosea, waya hazifiki, na anayezilazimisha kinyume huunguza kile kijisanduku.

Muuzaji atakusifia nguvu ya kuwasha kwenye baridi. Kipimo hicho hufanywa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo Kakamega haiijui, sembuse Mombasa. Fuata kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa mashine, kisha pesa zako zilipie upya. Soma tarehe ya kutengenezwa, na umwambie muuzaji aipime mbele yako. Ikiwa chini ya 12.4, iache hapo hapo. Ile iliyofungwa, ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, ni ghali zaidi, lakini haimwagiki na huvumilia mtikisiko.

Matunzo si mengi. Ile ya kuongezwa maji, sahani zisiachwe wazi, na utie maji safi ya betri tu. Soma chupa vizuri, kwani madukani asidi nayo huuzwa kwa chupa za namna hiyo hiyo. Maji ya kisima, haya yetu ya chumvi, yataiua. Vichwa vikiota unga mweupe au wa kijani, vioshe kwa magadi soda na maji, ukaushe, upake mafuta mazito. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho.

Shule ikifunga, toa waya wa hasi na uichaji betri kila mwezi, polepole: ya ampea-saa 30 yatosha ampea 3. Iwe mahali penye hewa, pasiwe na moto wala sigara, maana gesi inayotoka hulipuka. Wala usimpe bawabu awashie taa usiku kucha. Betri ya kuwashia injini ina sahani nyembamba na haikuumbwa kwa kazi hiyo. Na sisi wa pwani tukumbuke kwamba joto huipunguzia umri, basi iwekwe kivulini.

Ikifa kabisa, usimpe mtu wa kuivunja uani. Owino Uhuru ni jirani zetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watoto wa pale risasi mwilini, na Julai 2020 mahakama Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi iliyoendelea hadi Mahakama ya Juu. Irudishe kwa muuzaji, wengi hukupunguzia bei ya mpya.

Waya na fundi wake haukufika shilingi mia tano. Tulipofunga betri ya nne, mita ilisoma 14.1. Yule mzee wa kamati alikuja mwenyewe, akaitazama kwa muda, kisha akamuuliza shemeji kama jenereta ya msikiti nayo yaweza kupimwa. Shemeji akamjibu, "Kesho baada ya Alfajiri, inshaallah, mzee wangu."