Gharama halisi ya kusomea ususi na urembo: hesabu ya kufanya kabla ya kulipa ada

Kila mwaka vijana wa Wilaya ya Bariadi, wengi wao wasichana waliomaliza kidato cha nne, huchagua kusomea ususi na urembo. Baadhi yao hukatiza mafunzo katikati, si kwa kukosa uwezo darasani, bali kwa sababu fedha iliyoandaliwa nyumbani ilitosha ada peke yake. Aliyekatiza hurudi bila cheti, na ada iliyolipwa hairudi pamoja naye.

Ada ni sehemu tu ya gharama. Katika vyuo vya VETA, kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu imekuwa Sh. 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh. 120,000 kwa wa bweni. Kiasi hicho ni kidogo kwa sababu Serikali hubeba sehemu kubwa ya gharama za mafunzo. Hata hivyo, mzazi bado atanunua sare, machanuo, rola, mikasi, dawa za nywele na vipodozi vya mazoezi, na atalipia mtihani, chakula na malazi. Aidha, si kila chuo cha VETA kinafundisha fani hii, hivyo inafaa kuuliza hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa binti anayeishi Dutwa. Chuo cha kwanza, kilicho mkoa wa jirani, kinatoza ada ya Sh. 60,000. Kwa miezi kumi atapanga chumba kwa Sh. 20,000 kila mwezi, atakula kwa Sh. 60,000 kila mwezi, na vifaa na sare vitagharimu Sh. 150,000. Jumla ni Sh. 1,010,000. Chuo cha pili ni cha binafsi mjini Bariadi. Ada yake ni Sh. 500,000 pamoja na vifaa. Huko atakaa na kula kwa shangazi yake, na nauli ya Sh. 2,000 kwa siku 200 za masomo itafika Sh. 400,000. Jumla ni Sh. 900,000. Chuo chenye ada inayozidi ya kwanza zaidi ya mara nane ndicho chenye gharama nafuu. Lakini mfadhili akimlipia Sh. 200,000 katika chuo cha kwanza, familia itabakiwa na Sh. 810,000, na uamuzi unageuka.

Gharama halisi, basi, ni jumla ya matumizi yote hadi siku ya cheti, ukiondoa msaada usiorejeshwa. Mkopo hauondolewi katika hesabu hiyo, kwa kuwa utalipwa baadaye. Familia nyingi hukosea hapo.

Msaada wenyewe una mipaka. Elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, haihusu kozi za ufundi stadi. Bodi ya Mikopo hushughulikia elimu ya juu na, tangu mwaka wa masomo 2023/24, baadhi ya kozi za stashahada. Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, hugharamia mafunzo ya vijana kwa awamu na kwa fani zinazotangazwa. Kwa hiyo matangazo yake yafuatiliwe katika ofisi ya kata. Kwa aliyejifunza kusuka saluni kwa fundi, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Aulize kwanza kama fani yake imo.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu) haina riba, ila hutolewa kwa ajili ya shughuli za kiuchumi, si kulipa ada. Manufaa yake kwa msusi huja baada ya kuhitimu, anapojiunga na wenzake katika kikundi ili kufungua saluni. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hutoa maelekezo.

Kabla ya kulipa chochote, mzazi athibitishe kuwa chuo kimesajiliwa na NACTVET, na aombe orodha ya michango yote kwa maandishi. Malipo ya chuo cha umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kamwe si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi.

Jambo la mwisho ni kalenda. Kozi nyingi ndefu za VETA huanza Januari, wakati fedha ya pamba huingia kuanzia Mei na kwa kawaida huwa imekwisha ifikapo Desemba. Kaya inayotegemea pamba itenge fungu la chuo siku ileile ya mauzo, na iulize chuo mapema kama ada hupokelewa kwa awamu.