PANZI ASIYERUKA
Kwa nini mdudu mdogo wa milimani hupewa jina lake mwenyewe

Usiku wa giza, wavuvi wa Muhuru Bay huwasha taa zao juu ya maji ya Ziwa Viktoria ili kuwavuta dagaa, ambao Waluo huwaita omena. Lakini taa haichagui. Huwavuta dagaa kutoka chini, na wadudu kutoka juu. Katika majira yake, mmoja wa wadudu wapendao mwanga ni senene, ambaye watu wa nchi nyingi zinazolizunguka ziwa hili humkaanga na kumla kwa furaha.

Senene ana mabawa marefu, naye hana mji mmoja. Mdudu yule yule aliwaye Bukoba huliwa na Kampala pia. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao tangu mwaka 1838, na mtu amtafutaye hana haja ya kwenda katika mlima mmoja tu.

Hali ni nyingine kabisa kwa panzi wa milimani.

MDUDU AONEKANAYE KAMA MTOTO

Muhuru Bay iko ufukoni mwa ziwa, na uso wa ziwa hilo uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini, mbali na hapo, uko Mlima Elgon wenye mita 4,321. Mashariki uko Mlima Kenya wenye mita 5,199. Na kusini mashariki uko Kilimanjaro wenye mita 5,895. Mtu akipanda milima hiyo hupita mashamba, kisha misitu, na mwisho hutokea penye majani matupu. Huko juu jua la mchana ni kali, na usiku umande huweza kuganda.

Katika nyanda za juu na milima ya Afrika ya Mashariki huishi panzi wa jamii ambayo wataalamu huiita Parasphena. Panzi hawa hawana mabawa ya kurukia. Mtu akimwona mmoja wao kwa haraka huweza kudhani kwamba ni mtoto wa panzi ambaye mabawa yake bado hayajaota. Kumbe ni mzima kabisa: jike hutaga mayai, na mabawa ya kuruka hayatamwotea kamwe.

Kwa kuwa hawezi kuruka, panzi huyu hawezi kuvuka nchi ya joto iliyo kati ya mlima na mlima. Wataalamu hueleza kwamba zamani sana, dunia ilipokuwa na baridi zaidi, majani ya milimani yalishuka hata nchi za chini, na wadudu wakashuka pamoja nayo. Joto liliporudi, majani yalipanda tena juu, na wadudu wakayafuata. Wakatengana kama watu ambao mafuriko yamewaacha juu ya visiwa mbalimbali, huyu Mfangano na yule Rusinga, wala hawana mtumbwi. Baada ya maelfu mengi ya miaka, wajukuu wao hawafanani tena. Ndiyo sababu yuko Parasphena elgonensis wa Elgon, Parasphena meruensis wa Mlima Meru, Parasphena teitensis wa Milima ya Taita, na Parasphena ngongensis wa Ngong.

JINSI JINA LINAVYOTOLEWA

Kumtambua panzi mpya si kazi ya siku moja. Kwanza hukusanywa wachache, madume na majike, na papo hapo huandikwa mahali, tarehe na kimo cha mlima. Mdudu asiye na maandishi hayo ni kama barua isiyo na anwani. Kisha hupimwa kwa milimita: urefu wa mwili, wa vipapasio na wa paja la nyuma. Dume huchunguzwa hasa sehemu za mwisho wa tumbo, kwa maana mara nyingi hapo ndipo aina mbili zinazofanana kwa nje hutofautiana. Siku hizi huchunguzwa pia chembe za urithi zilizomo mwilini.

Baada ya hayo, mtaalamu hana budi kumlinganisha na wale waliokwisha kuandikwa. Baadhi yao wamehifadhiwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya, kwa sababu wakusanyaji wengi wa kwanza walitoka huko. Yngve Sjöstedt wa Sweden alikusanya wadudu wa Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Baadaye Keith Kevan aliichunguza sana jamii hii ya Parasphena. Katika miaka ya karibuni, Bibi Claudia Hemp wa Ujerumani amewatambua panzi na jamaa zao wengi wapya katika milima ya Tanzania na Kenya.

Mwisho maelezo hupigwa chapa, na mdudu mmoja huchaguliwa kuwa kielelezo. Huyo huwekwa katika makumbusho, kama mizani ya serikali ambayo kwayo mizani ya sokoni hupimwa. Ubishi ukitokea baada ya miaka mia, watu hurudi kumtazama yeye. Desturi hii ya majina mawili, moja la jamii na moja la aina, huhesabiwa tangu mwaka 1758, kwa kitabu cha Linnaeus wa Sweden.

FAIDA YAKE NI NINI?

Mkulima aweza kuuliza: panzi huyu haliwi, wala hauzwi, jina lake lina faida gani? Jibu la kwanza ni hili. Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya, na dawa nyingi zilinyunyizwa ili kuwaua. Asiyejua kumtofautisha adui na jirani huwaua wote wawili. Nzige akiuawa hapa, wenziwe wako nchi nyingine. Panzi wa mlima mmoja akiisha mlimani pake, ameisha duniani.

Jibu la pili ni kwamba dunia inazidi kupata joto. Mdudu wa nchi ya chini aweza kupanda mlima kutafuta baridi, lakini yule aliye karibu na kilele hana pa kwenda tena. Moto wa majani nao humfikia upesi, kwani hana mabawa ya kumkimbiza. Wala si rahisi kukilinda kitu ambacho hakijaandikwa popote.

Kazi hii si ya wageni peke yao. Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo, aliianzisha mwaka 1970 taasisi kubwa ya kuchunguza wadudu iitwayo ICIPE, yenye makao makuu Nairobi. Kituo chake cha Mbita, katika Homa Bay, kando ya ziwa hili hili, kina jina lake. Makumbusho ya Taifa Nairobi nayo huhifadhi wadudu wengi wa nchi hii. Kijana aonaye mdudu asiyemfahamu na ajifunze kuandika mahali, tarehe na majani aliyomkuta juu yake, kisha amwonyeshe mwalimu wake. Katika hifadhi za taifa asikamate kitu bila kibali. Macho makini na daftari ndio mwanzo wa elimu hii, navyo hupatikana hata Muhuru Bay.