Picha Isiyopigwa Ndia Kuu

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, ukitoka Ngomeni ukashika Ndia Kuu kuelekea Forodhani, haitakuchukua muda kumkuta mgeni amesimama katikati ya njia, tuktuk inampigia honi mgongoni, naye hana habari. Anapiga picha roshani. Atakayemfuata ataipiga roshani hiyo hiyo, kisha atashusha simu aupige mlango wa nakshi ulio chini yake. Postikadi za Mombasa za mwanzoni mwa karne ya 20 zilipenda vichochoro na roshani, na simu za leo hazijachoka navyo. Mtu angeujua Mji wa Kale kwa picha tu angedhani hapa panaishi milango.

Kwa asiye wa pwani, ndia ni njia kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na ukuu wa hii si wa upana.

Mwenyeji naye angepiga nini? Swali hilo ndilo lililozaa mbinu ya utafiti ninayotaka kuieleza leo, mbinu ya picha za washiriki, ambayo wengine huiita fotovoisi. Imo katika ukoo wa utafiti wa kimaelezo, ule usiouliza wangapi bali unaouliza vipi na kwa nini. Mtafiti haishiki kamera. Anampa anayeishi pale, au anamwomba atumie simu yake mwenyewe, wanakubaliana juu ya swali moja, na baada ya wiki moja au mbili wanakaa chini kuzizungumza picha alizoleta.

Kuzizungumza, nasema, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwanafunzi hurudi chuoni na picha 200, akazipanga kwa mada, akachagua nzuri kumi za kutia kwenye tasnifu, na mazungumzo aliyorekodi hayafiki saa moja. Huyo amefanya maonyesho, hajafanya utafiti. Katika mbinu hii picha ni ufunguo tu. Data ni yale yanayosemwa mlango ukishafunguka.

Tuchukue mlango wenyewe, basi, kwa mfano wa kubuni. Tuseme mama mmoja wa Ndia Kuu ameleta picha ya mlango wa nyumba yao. Mwanafunzi wa usanifu majengo ataona maua yaliyochongwa kwenye fremu na ataanza kukisia umri wake. Fundi seremala ataona mchwa. Mwenye picha akiulizwa, atasema ameupiga kwa sababu ya kufuli: nyumba ni ya urithi, warithi ni wengi na wametawanyika, mmoja yuko Muskat, mwingine London, hawajakubaliana wauze au watengeneze, na juu dari inaanguka boriti moja moja. Nakshi hakuitaja kabisa. Mlango ni ule ule, ila sasa tunajua kwamba uchakavu wa nyumba ile una mizizi katika mirathi na safari za watu, wala si uzembe wa wenyeji kama inavyosemwa kwenye mikutano. Hojaji yenye visanduku vya kutia alama isingefika huko, kwa kuwa aliyeiandika hakujua kwamba kufuli ni swali.

Nguvu hii ya picha kufungua mdomo iligunduliwa zamani. Mwaka 1957 Mmarekani John Collier, aliyekuwa kwenye utafiti wa afya ya akili mashariki mwa Kanada, aliandika kwamba waliohojiwa wakiwa na picha mbele yao walitoa maelezo mahususi zaidi na hawakuchoka haraka. Lakini picha zile alizipiga mtafiti. Mageuzi makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Caroline Wang na Mary Ann Burris walipowapa kamera wanawake 62 wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, wapige maisha na kazi zao. Nyuma yao alikuwapo Mbrazili Paulo Freire, ambaye aliwafundisha watu wazima kusoma kwa kuwawekea michoro ya maisha yao wenyewe waijadili. Wang na Burris walitaka mambo matatu: watu waandike kwa picha nguvu zao na shida zao, wazungumze wao kwa wao, na maneno yao yamfikie mwenye uwezo wa kuamua. La tatu ndilo linalosahaulika upesi kuliko yote.

Kwetu Kenya, mfano ninaoupenda haukuanza kama utafiti. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong, pamoja na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, aliwagawia vijana kamera za bei nafuu. Kitabu kilichotoka humo, Shootback, kilionyesha Mathare ambayo waandishi wa habari hawakuwa wameiona, kwa sababu hawakuwa wakilala pale. Baadaye mtafiti Morten Skovdal alitumia kamera na michoro huko Bondo, magharibi mwa nchi, kwa watoto waliokuwa wakiuguza wazazi na mabibi zao. Ulimwengu ulikuwa umezoea kuwaona kama yatima wa kuhurumiwa. Wao wakaonyesha kazi zinazowapatia riziki, watu wanaowashika mkono, na fahari ya kuwa mtu wa kutegemewa nyumbani.

Sasa irudishe mbinu hiyo Mombasa uone inavyobadilika. Mji huu si mgeni wa kamera. Studio ya N. V. Parekh ilipiga wakazi wa Mombasa kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, na mteja hakuwa akienda kupigwa tu. Alikwenda na nguo aliyoichagua na namna aliyotaka kuonekana. Miaka ya 1990 wapiga picha wa mitaani walijenga vibanda vyao karibu na kivuko cha Likoni, nyuma wametundika mandhari za kuchora, na mtu ambaye hajawahi kupanda ndege akatoka na picha ya safari. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend, aliyeandika kuhusu wapiga picha hao, alitoa kitabu mwaka 2013 kuhusu upande wa pili wa jambo lenyewe: jinsi watu wa pwani hii wanavyoikataa kamera, wanavyoiwekea mipaka, na hasa wanawake wanavyolinda wasionekane na wasiostahili kuwaona.

Upande huo wa pili hauna budi kumshughulisha mtafiti wa Ndia Kuu tangu siku ya kwanza. Sherehe za harusi za wanawake ni mfano ulio wazi. Ndani wamejipamba, nywele wazi, buibui zimetundikwa, na simu ikiinuliwa tu patazuka ugomvi. Picha moja ikivuka mlango ule imemvua mtu sitara, na hakuna fomu ya ridhaa inayoweza kuirudisha. Mshiriki wako akikuletea picha za sherehe hiyo, usifurahie utajiri wa data. Kwanza jiulize ni wanawake wangapi wamo humo ambao hawajakusikia hata jina.

Ndiyo maana mimi huipa uzito mkubwa picha ambayo haikupigwa. Darrin Hodgetts, Kerry Chamberlain na Alan Radley waliandika mwaka 2007 kwamba washiriki husimulia pia picha walizotaka kupiga wakashindwa, na kwamba simulizi hizo ni sehemu ya matokeo. Kwa mji unaoishi kwa heshima na staha, nathubutu kusema pengine ndiyo sehemu kubwa. Mwishoni mwa kila kikao uliza: ni picha gani uliiwaza usiipige? Kisha nyamaza.

Majibu yatakuwa ya aina nyingi. Kuna picha iliyozuiwa na haya, kama ile ya harusi. Kuna iliyozuiwa na woga: maskani ya vijana walioingia kwenye unga, ambayo kila mtu anajua iko wapi na hakuna anayetaka kuonekana ameinua simu pale. Kuna iliyozuiwa na ulinzi, maana ukikaribia bandari ya kale utatakiwa useme unapiga nini na kwa idhini ya nani. Nyingine imezuiwa na mazoea: mkokoteni wa maji. Kisiwa hiki hutegemea maji ya kutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, mifereji hukauka, na mitungi ya lita 20 hupita barabarani kila mara hivi kwamba mwenyeji haioni tena. Atakuambia hakuona cha kupiga. Na iko picha ngumu kuliko zote, ya kitu ambacho hakipo. Mzee aliyekuwa akikaa barza ile kila alasiri na kikombe chake cha kahawa amefariki, barza imebaki jiwe. Ukiipiga, ni jiwe tu. Mwenye kuieleza ndiye anayemrudisha mzee.

Kuhusu utekelezaji sitakaa sana. Wang mwenyewe alipendekeza kikundi kidogo, watu 7 hadi 10, na uzoefu wa wengi unakubaliana naye. Siku ya kwanza isiwe ya kufundisha mwanga na pembe, iwe ya maadili: namna ya kuomba ruhusa, na namna ya kukubali kukataliwa bila kununa. Swali liwe pana lakini si bahari. "Nionyeshe kinachokufanya ubaki Mji wa Kale" lina mwelekeo kuliko "piga maisha yako". Kila mmoja achague picha chache anazotaka kuzizungumza, na achague yeye, si mtafiti. Wang alitumia pia maswali ya kuongoza kikao: tunaona nini hapa, nini hasa kinatokea, kinahusu vipi maisha yetu, kwa nini kipo, na tufanye nini? Ni mazuri kwa kuanzia. Yakifuatwa kama fomu ya polisi, yanaua mazungumzo.

Tahadhari moja ya lugha. Watu wa mitaa ya Kibokoni na Kuze, humu humu Mji wa Kale, hawatazungumza Kiswahili cha kitabu wakiwa huru, na hawapaswi. Mnukuzi anayeandika "njia" kila anaposikia "ndia" ameshaanza kuhariri data, na kesho atahariri mambo makubwa zaidi.

Mbinu hii ina kasoro zake, na wanaoiuza kama dawa ya kila ugonjwa hawamsaidii mtu. Kodi inayopanda haina sura ya kupigwa. Harufu ya mtaro nayo haipigiki. Wanaume hutembea jioni kwa uhuru kuliko wanawake, kwa hivyo jioni ya Ndia Kuu itaonekana ya kiume hata pale ambapo nyuma ya madirisha mambo ni mengine. Washiriki nao si wajinga: wakikisia kwamba mtafiti katumwa na wafadhili watapiga taka, na wakikisia kwamba anapenda utalii watapiga roshani. Tena kuna maonyesho ya mwisho, picha zimetundikwa kwenye ukumbi wa hoteli, hotuba, sambusa, na diwani ameondoka kabla ya maswali. Binafsi ningetaka picha zitundikwe palepale barazani, watu wapite wazikosoe, na afisa wa kaunti aitwe aje alipo mtaro.

Sheria ipo. Utafiti nchini huhitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomtambulisha, sura yake ikiwemo. Kwa mtoto, mzazi au mlezi lazima aridhie. Lakini sheria haijui kwamba katika mtaa kama huu mtu hutambulika hata sura ikifutwa, kwa mwendo, kwa kanga, kwa mlango aliosimama mbele yake. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtu kwa jirani yake. Ruhusa inabidi iombwe zaidi ya mara moja: kwa anayepiga, kwa anayepigwa, na tena kwa wote wawili picha ikishaonekana na kabla haijaonyeshwa kwa wengine. Ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp haina mwenyewe tena.

Basi wewe unayeishi mitaa hii, akija mwanafunzi na fomu yake na maneno mazuri, mkaribishe, kazi yake inaweza kuwa na faida. Ila muulize mambo matatu kabla ya kushika kamera. Picha nitakazopiga ni mali ya nani? Zitaonyeshwa wapi, na nani? Na nikibadili mawazo mwaka ujao, nimpigie nani simu azitoe? Asipokuwa na jibu la hilo la tatu, usitie sahihi.