Ukichagua bei ya chini kabisa: vitu unavyolipia mara mbili

Wahenga walishasema rahisi huvunja upishi, na hapo hawakuwa na jikoni ya gesi. Kila siku wateja wetu wanalipa kwa simu vitu vidogo vidogo: mafuta ya kupikia, chaja, mtungi wa gesi, viatu vya mtoto. Mara nyingi mtu anauliza bei maduka matatu, anachukua ya chini, anaweka PIN na kuendelea na shughuli zake. Kwa chumvi au sukari hilo halina shida hata kidogo. Kwa vitu vingine, ile tofauti ya bob mia unayookoa leo inarudi mwezi ujao ikiwa elfu. Hebu tuangalie vichache ambavyo hesabu yake iko wazi.

Tuanze na gesi, maana hapa si pesa peke yake, ni maisha. Unajua wale wauzaji ambao mtungi wao wa kilo 6 uko chini ya bei ya kila mtu mtaani. Swali la kujiuliza ni moja: gesi hiyo ni kilo ngapi? Kwenye shingo ya kila mtungi, au kwenye ile kola ya chuma iliyozunguka vali, kuna namba iliyogongwa inayoonyesha uzito wa mtungi mtupu. Tuseme imeandikwa kilo 7.2. Ukijazwa vizuri, mtungi huo wa kilo 6 unafaa kusoma kilo 13.2 kwenye mizani. Sasa chukua mfano huu: muuzaji wa kawaida anakuuzia kwa shilingi 1,200, yaani 200 kwa kila kilo. Yule wa bei nafuu anakuitisha 950, lakini ndani kuna kilo 4.5. Gawanya: ni shilingi 211 kwa kilo. Umelipa zaidi, na gesi itakuishia katikati ya githeri.

Hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba mitungi inayojazwa kiholela haikaguliwi. Anayejaza kwa kificho hana haja ya kuangalia kama vali inavuja, kama raba ya mdomoni imechakaa au kama chuma kimeliwa na kutu. Kwa mujibu wa kanuni za gesi za mwaka 2019, mtungi wa kampuni fulani unajazwa na kampuni hiyo yenyewe au yule iliyempa idhini. Sheria hiyo haikuwekwa ili kukusumbua. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kule Embakasi, Nairobi, tuliona gesi iliyojazwa mahali pasipo na kibali inaweza kufanya nini kwa mtaa mzima. Kwa hivyo omba mizani. Muuzaji aliye na leseni ya EPRA hatakasirika ukimwomba apime mtungi mbele yako, na akikasirika, basi umeshapata jibu lako. Ukifika nyumbani pitisha povu la sabuni kwenye kiungo cha mpira na vali. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Kibiriti si kipimo, tafadhali.

Halafu kuna chaja. Hii inatuuma sisi kwa sababu simu yako siku hizi ni pochi, ni benki, na ni kitabu cha madeni ya dukani. Stima ya ukutani Kenya ni volti 240. Simu ya kawaida inachaji kwa volti 5. Kazi yote ya kushusha umeme huo, na kuhakikisha ule wa ukutani haufiki kwenye simu wala mkononi mwako, inafanywa na vipande vidogo ndani ya ile chaja. Anayetengeneza chaja ya kuuzwa kwa bei ya kutupa lazima apunguze mahali, na mara nyingi anapunguza hapo hapo. Dalili utaziona: inapata moto sana, simu inaanza kujibonyeza yenyewe ikiwa kwenye chaji, au betri inavimba. Mtu ana simu ya elfu kumi na tano halafu anailisha kwa chaja ya bob mia. Hapo mimi sielewi.

Kabla ya kununua, tafuta alama ya ubora ya KEBS kwenye bidhaa au paketi yake. Chini ya alama hiyo kuna nambari ya kibali. Usiiamini tu kwa macho, kwa sababu kuchapisha stika si kazi ngumu. Tuma ujumbe ukianza na SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023, usubiri jibu. Inachukua muda mfupi kuliko ule wa kubishana bei.

Kwa wale walio na shamba, hata kama ni ekari moja ya ushago, mbegu ndiyo mahali pabaya kabisa pa kutafuta nafuu. Ekari moja ya mahindi inachukua karibu kilo 10 za mbegu, yaani paketi tano za kilo mbili. Tuseme kuna mtu sokoni anakupunguzia bob mia kwa kila paketi. Umeokoa 500. Lakini mbegu ikiwa feki hupotezi hiyo 500 tu. Unapoteza pesa ya kulima, mbolea, vibarua wa kupalilia, na zaidi ya yote mvua, ambayo hairudi hadi msimu mwingine. Ukibahatika utagundua baada ya wiki moja au mbili kwa kuwa hazijaota. Usipobahatika zitaota vizuri, uzitunze miezi mitatu, halafu zikupe magunzi.

Ndiyo maana paketi za mbegu zilizoidhinishwa na KEPHIS huwa na stika ya kukwaruza. Ukwaruze ukiwa bado mbele ya muuzaji, tuma zile nambari kwenda 1393, na ujumbe utakaorudi utakuambia mbegu hiyo ni ya aina gani na imetoka wapi. Ikiwa maelezo hayafanani na yaliyo kwenye paketi, iache hapo hapo kaunta. Na kama umezoea kuchukua mahindi ya haibridi uliyovuna na kuyapanda tena ili usinunue mbegu, jua kwamba hayazai sawa na mama yao. Mavuno yanashuka.

Viatu vya shule ni hesabu nyepesi, nitapita haraka. Kiatu cha 700 kinachokatika soli kila muhula ni 2,100 kwa mwaka, kwa sababu mihula ni mitatu. Cha 1,800 kinachomaliza mwaka ni nafuu. Ila kwa mtoto ambaye mguu unakua kila ukigeuka, usinunue kiatu cha kudumu miaka mitano. Nunua cha mwaka mmoja.

Sasa tufike kwenye ile ngumu, bei ya kadogo. Mafuta ya kupimiwa ya bob ishirini yanaonekana ndiyo rahisi zaidi dukani. Tuseme unapimiwa mililita 50. Hiyo ni shilingi 400 kwa lita, wakati chupa ya lita iko rafu ya juu kwa 300. Ukinunua kila siku kwa mwezi umetumia 600 kwa lita moja na nusu, ambayo kwa bei ya chupa ingekuwa 450. Bob 150 zimeenda, na hapo hatujagusa sabuni, unga wala majani chai.

Kuna watu wanapenda kuwaambia wanunuzi wa kadogo kwamba hawajui hesabu. Si kweli. Mtu anayelipwa kwa siku anajua hesabu hiyo kuliko mimi. Anachokosa ni ile 300 ikiwa pamoja siku moja. Kwa hivyo njia inayofanya kazi ni kujenga hiyo 300 polepole: bob kumi au ishirini kila jioni kwenye akiba ya simu, si kwenye salio la kawaida ambapo itaishia kwa nauli. Anza na kitu kimoja tu, kile unachonunua mara nyingi zaidi. Ukishapata chupa ya kwanza, ile pesa uliyokuwa ukitumia kupimiwa ndiyo inanunua ya pili. Wengine wanafanya hivi kwa chama: majirani wanne wanachanga, wananunua jeri ya lita 20 na kugawana.

Jambo la mwisho ni namna ya kulipa. Ofa nyingi za bei ya ajabu mtandaoni zinakuja na sharti la kutuma pesa kwanza, tena kwa nambari ya mtu binafsi. Duka lenye Till linakuonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha malipo. Lisome. Kama jina halifanani na duka, simamisha hapo. Ikiwezekana lipa baada ya kushika bidhaa mkononi, na usifute ule ujumbe wa malipo, kwa sababu una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Bidhaa ikiwa mbovu, rudi nao pamoja na paketi kwa muuzaji. Na ujue kwamba ombi la kurudishiwa pesa lipo kwa ajili ya aliyetuma kwa nambari isiyofaa. Ukimlipa muuzaji uliyekusudia kumlipa, hata kama bidhaa ni feki, mazungumzo ni kati yako na yeye, na hapo ndipo ule ujumbe utakusaidia.