Nyangumi wa Loperot: Kisukuku Kinachoeleza Jinsi Nyanda za Juu Zilivyoinuka

Masimulizi ya wazee wa Kimeru yanaitaja Mbwaa, kisiwa cha pwani ambako mababu walitoka kabla ya kuingia bara. Miamba ya Kenya nayo ina habari ya safari kutoka baharini, ila msafiri wake ni nyangumi, na safari yenyewe ni ya takriban miaka milioni 17 iliyopita.

Mwaka wa 1964, mtafiti Mmarekani James Mead alipata kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka kuwa jiwe, huko Loperot, Kaunti ya Turkana. Yalikuwa mabaki ya nyangumi mwenye mdomo mrefu, wa kundi la nyangumi wenye meno ambalo pomboo pia wamo. Mahali hapo ni kilomita 740 kutoka Bahari Hindi, kwenye mwinuko wa mita 620.

Alifikaje huko?

Nyangumi wa aina hii huishi kwenye kina kirefu cha bahari. Wataalamu wanaeleza kwamba huyu alipotea njia, akaingia katika mto mkubwa na kuufuata mamia ya kilomita hadi akafa. Hilo lingewezekana tu kama mto ulipita katika ardhi tambarare isiyo na maporomoko. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, ukiongozwa na Henry Wichura wa Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, ulikadiria kuwa wakati huo Loperot ilikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya usawa wa bahari.

Awali, katika utafiti wake wa shahada ya uzamifu, Wichura alichunguza lava ya Yatta, iliyotiririka takriban kilomita 300 miaka milioni 13.5 iliyopita. Lava haiendi mbali hivyo bila mteremko. Hesabu zake zilionyesha kuwa ilianzia kwenye mwinuko wa angalau mita 1,400. Ushahidi huu ukiwekwa pamoja na ule wa nyangumi, inaonekana kwamba ardhi ilianza kuinuka kati ya miaka milioni 17 na milioni 13.5 iliyopita.

Yahusu nini Meru na Embu?

Nyangumi huyo alipokufa, Mlima Kenya haukuwapo. Volkeno yake ilijengeka mamilioni ya miaka baadaye. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari Hindi ikikutana na miinuko hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Ndiyo sababu majani chai hustawi kwenye miteremko ya juu ya Embu na Meru, huku wakulima wa Mbeere, nyanda za chini, wakitegemea mtama na ndengu. Nayo mito kama Kathita na Rupingazi hupeleka maji yake hadi Tana, kisha baharini alikotoka nyangumi.

Kilipotea, kikapatikana

Kwa miongo mingi wataalamu hawakujua kisukuku hicho kiliko. Louis Jacobs, aliyewahi kuongoza idara ya visukuku katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, alikitafuta hadi kilipopatikana mwaka wa 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Bila jiwe hilo, hesabu za mwaka wa 2015 zisingefanyika.

Ukikuta mfupa wa jiwe

Wachimbaji wa mawe, mchanga, visima na mabwawa ndio huenda wakawa wa kwanza kuona vitu kama hivi. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kuarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Mkazi anashauriwa:

- asimamishe uchimbaji mahali hapo;
- asikivunje, asikioshe wala kukiuza;
- akipige picha na kuweka alama mahali kilipo;
- amjulishe chifu, au afike katika Makavazi ya Meru, mjini Meru.

Kisukuku kikiondolewa bila kuandikwa kilipotoka, hubaki jiwe tu. Nyangumi wa Loperot amefunza mengi kwa sababu mahali alipolala palijulikana.