Faida Ipo, Mtaji Umekata

Tuchukue muuza saruji anayenunua mifuko 1,000 kwa shilingi 16,000 kila mmoja na kumuuzia mkandarasi kwa shilingi 18,000. Siku anayokabidhi mzigo na kutoa ankara, vitabu vyake vinaonyesha mauzo ya milioni 18, gharama ya milioni 16 na faida ghafi ya milioni 2. Mkandarasi atalipa baada ya siku 90.

Hesabu hiyo ni sahihi. Mauzo huandikwa pale haki ya kulipwa inapopatikana, si pale fedha inapoingia. Bila kanuni hiyo, mwezi wa kununua ungeonekana wa hasara, mwezi wa kulipwa ungeonekana wa neema, na hakuna ambaye angejua biashara inakwendaje. Katika utaratibu wa kuandika kila muamala pande mbili, ambao Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 wakati wafanyabiashara walikwisha kuuzoea, milioni 18 hizo huingia kwenye mauzo na kwenye wadaiwa. Wadaiwa ni mali, na katika mizania hukaa jirani na fedha taslimu. Ujirani huo ndio unaopotosha wengi, kwa sababu deni halilipi mshahara wala pango.

Sasa tuhesabu siku. Mzigo ulikaa ghalani siku 20, mkandarasi amepewa 90, na kiwanda kinataka chake ndani ya siku 30. Ukijumlisha mbili za kwanza na kutoa ya tatu, unapata siku 80 ambazo milioni 16 za muuzaji ziko mikononi mwa mtu mwingine. Kodi nayo haisubiri. Tanzania Bara kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, huweza kudaiwa ankara inapotolewa tu, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama bei zetu hazina kodi hiyo, basi hata baada ya kutoa ile aliyotozwa kiwandani, anadaiwa shilingi 360,000 kwa mauzo ambayo hajalipwa.

Wapo wanaojibu kwamba wanatumia mtaji wao wenyewe, hivyo hawana riba ya kulipa. Hapa uhasibu unaishia na uchumi unaanza. Gharama ya fursa ni thamani ya njia bora uliyoiacha. Tuseme kwa taslimu mfuko ungeuzwa 17,000. Milioni 16 zile zile zingezunguka mara nne katika siku 80, kila mzunguko wa siku 20 ukileta milioni 1. Mali kauli, yaani kuuza kwa mkopo, imempa milioni 2. Taslimu ingempa 4. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye leja yoyote.

Mwanafunzi anayesoma taarifa ya faida na hasara peke yake amesoma nusu. Afungue pia taarifa ya mtiririko wa fedha, kisha aombe orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa deni: siku 30, 60, 90. Akikuta jina moja limebeba nusu ya orodha, aulize kwanza huyo analipa lini.